Hapaliwi: shajara ya mradi wa kupima umezaji

Wiki ya 1, Jumatatu

Wamefika wanne. Wawili wa fiziotherapia, dada mmoja wa tiba kwa vitendo (kazi yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku), na kijana wa tiba ya usemi ambaye wino wa cheti chake haujakauka. Mpango ni wa wiki nane. Lengo nimeliandika ubaoni ili baadaye nisije nikalikana: kila mmoja aweze kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi, amtazame, ampime, kisha aandike kwenye faili mgonjwa ale nini, ale vipi au asile kwanza, na kwa nini.

Fomu tunayoanza nayo ni yangu. Ina kurasa tatu na maswali 41. Niliikusanya nilipotoka Makerere, ambako shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianzishwa mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijivunia fomu hii.

Zoezi la leo lilikuwa kunywa maji na kujichunguza. Ratiba niliipanga miezi miwili nyuma bila kuangalia mwandamo, na leo ni Ramadhani nne: wawili wamefunga. Vikombe vikarudi kabatini, tukatumia mate. Mate hayafunguzi, na mtu humeza mate mamia ya mara kwa siku wala hana habari. Wakakaa wawili wawili, vidole shingoni mwa mwenzake: cha shahada chini ya kidevu, cha kati kwenye mfupa wa hioidi, cha pete juu ya kikoromeo, cha mwisho chini yake. Meza. Kikoromeo kinapanda, kinakwenda mbele kidogo, kinashuka. Mmoja wa fizio akaachia shingo ya mwenzake kama aliyeshika kitu cha moto. "Kumbe kinapanda hivi!" Miaka minne ya anatomia, na leo ndiyo mara ya kwanza anakigusa.

Ikaibuka kwamba mate ni bora kuliko maji kwa somo la kwanza. Mwakani nitalipanga hivyo makusudi.

Wiki ya 1, Alhamisi

Siku ya majina. Nusu saa nzima iliishia kwenye kidakatonge. Kijana wa usemi anasema ni kile kifuniko kinacholalia mlango wa njia ya hewa tonge linapopita. Dada wa tiba kwa vitendo anasema hapana, kwao kidakatonge ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kamusi nazo hazikutusaidia, zimegawanyika vilevile. Tukakubaliana: kinyama ni kimeo, kifuniko ni kidakatonge. Fizio mrefu akakumbusha kuwa kwao mtoto akikohoa wiki mbili mfululizo hupelekwa kukatwa kimeo. Hilo nalo liingie kwenye maswali ya historia ya mgonjwa, halikuwemo.

Hatua zenyewe nimezipitia haraka. Kutafuna na kuchanganya na mate. Ulimi kusukuma tonge nyuma. Kisha koromeo, ambako mambo yote yanatokea ndani ya sekunde moja hivi: pumzi inasimama, kaakaa laini linaziba njia ya pua, zoloto (kisanduku cha sauti, ndicho kikoromeo tulichokigusa) linapanda, nyuzi za sauti zinafunga, mlango wa umio, mrija wa kwenda tumboni, unafunguka. Halafu umio, ambao hauna haraka. Kinachonipendeza kila nikifundisha ni kwamba chakula na pumzi vinatumia njia panda ileile, na askari wa barabarani ana sekunde moja tu ya kupanga magari.

Neva tano za kichwani ndizo za kuangalia: ya 5, ya 7, ya 9, ya 10 na ya 12. Ng'ata. Tabasamu. Sema "aaa". Toa ulimi, upeleke huku na huku. Kohoa kwa nguvu. Dakika mbili, na hujampa mtu hata tone.

Fizio mdogo alikuwa ameshashika kijiti cha kukandamizia ulimi ili amguse mwenzake kooni aone kama atataka kutapika. Nimekizuia. Watu wazima wengi wazima wa afya hawana mshituko huo, na wapo walio nao ambao bado maji yanaingia mapafuni. Swali namba 17 kwenye fomu yangu lilikuwa hilo. Nimelifuta kwa kalamu nyekundu mbele yao.

Wiki ya 2

Wodini. Nimewapa sheria moja: siku tatu za kwanza hakuna kumpa mgonjwa chochote, ni kutazama tu. Wamenuna, lakini wametii.

Walichoniletea Jumatano:

Bibi wa kitanda cha dirishani, mto wake umelowa upande mmoja tu. Mate yanatoka pembe ya mdomo iliyolegea.

Mama mmoja sauti yake ina majimaji, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Anakohoa kidogo, inasafika, baada ya dakika inarudi.

Hili la tatu halikutoka kwao, alituambia Sista wa zamu: "Yule baba vidonge vya asubuhi ninavikuta shavuni jioni." Sista huyu hajawahi kukaa kwenye semina ya kumeza. Ametuambia kwa sentensi moja kwamba shavu limelegea, hisia za mdomoni upande ule zimepungua, ulimi haufagii, na kwamba dawa ya shinikizo la damu tuliyodhani mgonjwa anaimeza hajaimeza. Nimeongeza mstari kwenye fomu: *Muulize muuguzi wa zamu amekuta nini mdomoni.*

Ijumaa tulipitia vipimo vya awali. Kile cha maji mililita 90, kilichoandikwa mwaka 1992: mgonjwa anakunywa bila kusimama, akikohoa wakati wa kunywa au ndani ya dakika moja baadaye, au sauti ikigeuka ya majimaji, ameshindwa. Na kile cha Gugging kule Austria, cha mwaka 2007, ambacho kinaanza na hali ya fahamu, kikohozi na mate, kisha chakula kizito kidogo, halafu ndipo maji kuanzia mililita 3, mwisho yabisi. Alama za juu 20. Fizio walipenda cha kwanza kwa sababu ni kifupi. Kijana wa usemi alipenda cha pili kwa sababu kina alama, na vijana wakitoka chuoni wanapenda alama. Mimi ninakipenda cha pili kwa sababu kinamlazimisha mtu achelewe kufika kwenye maji.

Wiki ya 3, Jumanne

Hii naiandika kwa shida.

Mzee wa miaka sabini na kidogo, mvuvi aliyestaafu, kiharusi siku ya sita, mkono na mguu wa kushoto. Tulimpima Ijumaa saa nne asubuhi. Amekaa wima, macho angavu, ametutania kuhusu bei ya samaki. Kijana wa usemi alimpima, mimi nikisimamia. Shikamoo, maelezo, ridhaa, yote sawa. Vijiko vitatu vya maji, kimya. Nusu kikombe, kimya. Sauti safi, au tuliisikia safi. Swali namba 3: *Je, hupaliwa anapokula au kunywa?* Mkewe akajibu kwa furaha: "Hapaliwi tena. Siku mbili za mwanzo ndiyo alikuwa akipaliwa, nikamwambia kuna mtu anakuteta huko ufukweni. Sasa ameacha kabisa."

Tukatia tiki. *Hapaliwi.* Chakula laini, vinywaji vyote ruksa. Saini ya chini ni yangu.

Jumapili usiku joto 38.9, pumzi za haraka, pafu la kulia chini limejaa. Jana ameanzishiwa dawa ya nimonia kwa mshipa, na mpira wa kulishia umepitishwa puani.

Kijana wa usemi hakula futari jana, ameniambia mwenyewe. Nimemwambia kosa liko kwenye fomu na fomu ni yangu. Nadhani hakuniamini.

Wiki ya 3, Alhamisi

Nimekaa na lile neno siku mbili.

Kupaliwa. Kila mtu anajua maana yake: maji yamekwenda njia siyo, ukakohoa, machozi yakatoka, mtu akakupiga mgongoni. Kikohozi kimo ndani ya neno lenyewe. Asiyekohoa hajapaliwa. Mwili lakini haujui Kiswahili. Kuna watu ambao maji yanapita chini ya nyuzi za sauti na hakuna kinachoshituka, kwa sababu hisia za zoloto zimelala. Hao ukiwauliza kama wanapaliwa watakujibu hapana, na wanasema kweli. Mke wa mzee alitupa dalili mbaya kuliko zote, *alikuwa akipaliwa, sasa ameacha*, tukaipokea kama habari njema.

Jambo la pili amelileta dada wa tiba kwa vitendo, na hili sikulifikiria. Amekaa wodini jana mpaka magharibi, akasimuliwa mzee alivyokuwa akilishwa kabla ya homa. Asubuhi mzee anakaa wima na kutania. Saa kumi na mbili unusu jioni ndipo ndugu wanaingia na mahotipoti. Mkewe amefunga kutwa, anataka amlishe haraka naye apate kufuturu. Kitanda kimelazwa nusu kwa sababu mzee amechoka. Kijiko juu ya kijiko, na chai ya kushushia. Sisi tunatoka kazini saa tisa na nusu. Hatujawahi kukiona chakula cha jioni hata siku moja.

Kuanzia wiki ijayo kila mmoja atakaa jioni mbili. Nauli natoa mimi mpaka nipate mahali pa kuidai.

Wiki ya 4

Joto la mzee limeshuka. Nimeomba nafasi kwenye mashine ya eksirei ya kutazama moja kwa moja, ile wanayotumia kupiga picha za umio. Mtu wa eksirei alitaka kujua kwa nini ninataka mgonjwa akae kiubavu na picha ianzie mdomoni, wakati wao huangalia kifuani. Nikamchorea. Akatupa nusu saa Alhamisi.

Bariamu, unga unaoonekana kwenye eksirei, tuliichanganya nyepesi kama maji, na ya pili tukaitia kwenye uji. Wanne wote nyuma ya kioo na aproni za risasi zinazowavuta mabega.

Mililita 5 kwa kijiko. Kwenye skrini ulimi unayumba, nusu ya bariamu inadondokea nyuma kabla ya mzee kuanza kumeza, inajikusanya kwenye vibonde juu ya zoloto. Kisha zoloto linapanda, limechelewa. Uzi mweusi mwembamba ukateremka mbele, kwenye njia ya hewa, badala ya nyuma kwenye umio. Ukapita nyuzi za sauti. Ukaendelea.

Mzee ametulia. Hakukohoa, hakupepesa jicho. Akauliza, "Tayari?"

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kwenye kipimo cha Rosenbek cha mwaka 1996, chenye ngazi nane, hiyo ni ya nane: kimeingia, kimepita nyuzi, na mwili haukujaribu kukitoa.

Tulimwambia ainamishe kidevu kifuani kabla ya kumeza. Kwa kijiko ilisaidia, kwa kikombe haikusaidia. Uji mzito haukuingia njia ya hewa, lakini robo yake ilibaki imeganda kwenye koromeo, na ilihitaji kumeza mara ya pili na ya tatu kuondoka. Hapo ndipo fizio mrefu alipouliza swali bora la wiki: "Kwa hiyo uzito unatatua au unahamisha tatizo?" Vyote viwili. Kinywaji kizito huenda polepole na humpa aliyechelewa nafasi ya kufunga mlango, ila koromeo dhaifu halikisafishi, na mabaki yanaweza kuteremka mgonjwa akishalala. Isitoshe watu hawakipendi, wanakunywa kidogo, mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Ukiagiza uzito, agiza na mtu wa kuhesabu vikombe.

Stetoskopu shingoni na oksimita kidoleni, ile ya kupima oksijeni ya damu, vimetoka kwenye fomu. Oksimita ilisoma 96 wakati wote uzi ule ukishuka.

Wiki ya 5, baada ya Idi

Jikoni, na sasa wote wanaweza kuonja.

Mfumo wa kimataifa wa IDDSI unapanga vinywaji na vyakula kwa ngazi kuanzia 0 hadi 7. Vinywaji vinapimwa kwa sirinji ya mililita 10: toa kisukumio, ziba chini kwa kidole, jaza, achia sekunde 10, ziba, soma kilichobaki. Chini ya 1 ni maji. Kutoka 1 hadi 4 ni ngazi ya kwanza, 4 hadi 8 ya pili, zaidi ya 8 ya tatu. Isipotoka kabisa ni ya nne. Hakuna mashine, hakuna umeme, na ndiyo maana ninaupenda.

Tatizo la kwanza: urefu kutoka 0 hadi 10 kwenye sirinji unatakiwa uwe milimita 61.5. Tumepima kwa rula zile za stoo. Aina moja ni fupi kiasi cha kuonekana kwa macho. Tumezitenga.

Uji wa sembe uliotoka jikoni sasa hivi: zimebaki 3. Uji uleule baada ya dakika kumi na tano kwenye bakuli wazi: 9 na ushee, unadondoka kwa kusitasita. Yaani mgonjwa anaanza kula ngazi ya kwanza na kumaliza ngazi ya tatu bila mtu kubadilisha kitu. Tukafanya na kinyume chake, kila mmoja ale vijiko kadhaa na kurudisha kijiko kilekile bakulini, kama tunavyolishana majumbani. Mate yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Baada ya dakika kumi uji wa dada wa tiba kwa vitendo ulitiririka kama chai. Fizio mdogo alikataa kuamini mpaka akarudia na wake.

Uji wa ulezi uliosagwa kienyeji uliziba sirinji kwa chenga. Usomaji hauna maana, na chenga zenyewe ni tatizo kwa mwenye mabaki kooni. Uchujwe kwanza.

Mlenda tulibishana. Sirinji ilisema ngazi ya tatu. Uma, kipimo kingine cha kuinua chakula na kutazama kinavyodondoka, ulisema kitu kingine: mlenda unavutika, ukianza kuteremka unaondoka wote kwa mkupuo. Kwa mtu ambaye ulimi wake umechoka lakini koromeo ni zima, unaweza kumsaidia. Kwa mzee wetu, ambaye kila kitu kinadondoka nyuma kabla hajawa tayari, ningeuogopa. Namba moja haitoshi kwa mlenda. Nimeandika hivyo kwenye jedwali, kwenye kisanduku ambacho kilitakiwa kuwa na namba.

Wiki ya 6

Umeme umekatika siku mbili, mkutano siku mbili. Hakuna kilichofanyika, isipokuwa zamu za jioni zimeendelea.

Wiki ya 7

Fomu mpya. Ukurasa mmoja, upande mmoja.

Swali la kupaliwa halijatoka, limevunjwa vipande. Sasa yapo haya: Siku za mwanzo alikuwa akikohoa anapokunywa? Bado anakohoa? Kama ameacha, aliacha lini, na kuna kingine kilichobadilika siku hiyo? Chakula kimoja anakula muda gani sasa, na zamani muda gani? Kuna alichokiacha mwenyewe bila kuambiwa? (Hili limetupatia mengi. Watu huacha chai kabla ya kuacha ugali na hawajui kwa nini.) Nani anamlisha, saa ngapi, amekaaje?

Sehemu ya chini kabisa, yenye mstari mzito: *Kipimo hiki cha kitandani hakioni ndani ya koo.* Kijana wa usemi ndiye aliyeuandika. Nilitaka kuulainisha, nikauacha.

Na nusu nzima ya fomu sasa ni mdomo. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 189 kule Michigan, Marekani, hadi miaka minne, kuona ni nani anapata nimonia ya namna hii. Tatizo la kumeza peke yake halikutosha. Waliokuwa hatarini zaidi ni wanaolishwa na mtu mwingine, wasioweza kusafisha mdomo wenyewe, wenye meno mengi yaliyooza. Maji kidogo yakiingia kutoka mdomo msafi si sawa na yakiingia kutoka mdomo uliolala na chakula cha jana.

Jumatano fizio mdogo alimsafisha mzee mdomo kwa mswaki wa watoto na chachi. Kwenye shavu la kushoto alitoa kipande cha karatasi ya dawa na ute mkavu wa rangi ya kahawia. Mzee alikuwa na mpira puani kwa wiki nne, halishwi kwa mdomo, na kila mtu wodini, pamoja na mimi, aliona mdomo usiokula hauna cha kusafishwa. Alipomaliza mzee alipitisha ulimi kwenye meno, akasema jambo la kwanza refu tangu apate homa: kwamba sasa ndiyo anasikia ladha ya hewa.

Wiki ya 8, Jumatano

Kila mmoja amepima peke yake wiki hii, mimi nikiwa mlangoni.

Dada wa tiba kwa vitendo ametumia dakika 40, kumi na tano kati ya hizo akipanga mto na mkono wa mgonjwa. Kijana wa usemi amekuwa mwoga, anataka kila mtu apigwe picha. Nimemkumbusha kwamba mashine ni moja na nusu saa ile tuliiomba kwa hisani. Fizio mrefu amempima mama wa sauti ya majimaji vizuri sana, kisha akasahau kuandika saa ngapi.

Fizio mdogo aliingia kwa mgonjwa mpya saa tatu asubuhi, akatoka baada ya dakika sita. Kwenye faili: *Anaamka akiitwa, analala kabla hajamaliza kujibu. Mate yanatoka kushoto. Sikumpa kitu. Mdomo nimesafisha. Narudi saa nane.* Daktari wa raundi aliniuliza kama hiyo ndiyo tathmini nzima. Nikamwambia ndiyo.

Mzee tumempiga picha tena jana. Kwa kijiko, kidevu chini, uji wa ngazi ya pili: uzi haukuonekana. Kwa kikombe bado. Amekohoa, kikohozi dhaifu kilichochelewa, na mkewe akashika kichwa: "Jamani, amerudia kupaliwa." Ilituchukua muda kumweleza kwa nini sisi watano na mtu wa eksirei tulikuwa tunacheka kwa furaha.

Yaliyobaki: sirinji sahihi ishirini, ruhusa ya zamu ya jioni kwa maandishi, na nauli yangu, chujio la uji kwa jiko la wodi, fomu ipelekwe kwa Sista wa zamu aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee anarudi kliniki Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia sasa, aje na kijiko chake cha nyumbani tukipime kinabeba mililita ngapi.